Rolibaa ya Gari la Wazi: Mjadala wa Gereji, Morogoro

Gari la wazi likipinduka, hakuna paa la kumkinga dereva. Kinachobaki kati ya kichwa chake na ardhi ni fremu ya kioo cha mbele, na katika magari mengi ya zamani fremu hiyo iliundwa kushika kioo, haikuundwa kubeba gari. Rolibaa, lile tao la bomba la chuma linalosimama nyuma ya viti, ndiyo inayotakiwa kuibeba kazi hiyo. Kwa sisi wa Morogoro jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya barabara zetu za milimani. Ukitoka Bigwa kuelekea Kinole na Matombo, au ukipanda kutoka Sangasanga kwenda Mgeta hadi Nyandira, kuna sehemu nyingi ambapo upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni bonde.

Gari linalojadiliwa hapa ni Mazda Roadster ya toleo la kwanza, ile iliyouzwa Japani kuanzia 1989 kwa jina la Eunos: viti 2, turubai juu, uzito karibu tani 1. Kiwandani halikufungwa rolibaa. Sauti zilizomo ni nne, nami nimezipanga kutokana na hoja zinazosikika kila mtu anapoleta gari la namna hii gereji. Yupo mwenye gari, kijana. Yupo fundi wa kuchomelea. Yupo mzee aliyeendesha magari ya mizigo ya Mgeta. Na yupo mwalimu wa zana za kilimo, mwanamke ambaye kazi yake ni kujua chuma kinavunjika wapi. Penye haja nitasema langu.

MWENYE GARI: Wazee wangu, mimi sitaki mambo makubwa. Gari hili nimelihangaikia, sitaki liharibiwe sura. Nimeona matao mawili madogo ya kromu, moja nyuma ya kila kiti, yanashikwa na bolti mbilimbili. Turubai linafunga bila shida. Kwa nini nisiweke hayo nikamaliza?

FUNDI: Hayo ni mapambo, bosi. Bomba lake jepesi, ukilibana kwenye jiliwa na kulivuta kwa mkono linakubali. Ni sawa na vile vyuma vya kromu nyuma ya kebini za Hilux. Watengenezaji wengine wenyewe wanaandika kwenye karatasi kwamba si kinga ya kupinduka, ila karatasi hiyo haifiki kwa mnunuzi. Niachie mimi. Nakukunjia bomba la inchi mbili, nalichomelea moja kwa moja kwenye bodi, halitoki mpaka kiama.

MWALIMU: Bomba gani hilo, fundi?

FUNDI: La maji, mwalimu. Zito, nimelitumia miaka yote.

MWALIMU: Hebu niokotee hicho kipande hapo chini. Tia kidole ndani, uzungushe. Umeusikia mshono?

Kipande kilikuwa cha urefu wa kiganja, kimekatwa kwa grenda, mdomo wake umebadilika kuwa buluu kwa joto. Ndani, upande mmoja, kuna mstari ulioinuka ambao kidole hakiwezi kuupita bila kuusikia. Pale ndipo bati lilipokutanishwa na kuunganishwa kuwa bomba. Kwa kupitisha maji, mshono huo unatosha. Kwenye kona ya tao lililobeba gari zima, pigo likija kwa ubavu, chuma kinaweza kufunguka papo hapo.

MWALIMU: Kanuni za mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ziko wazi. Tao kuu linataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kustahimili angalau nyutoni 350 kwa milimita ya mraba. Vipimo ni kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Na hilo la maji limepakwa zinki. Ukilichomelea, moshi wake unakulaza na homa, na mahali palipounganishwa hapana uhakika mpaka zinki yote iwe imekwanguliwa.

FUNDI: Sawa, lakini niambie bomba hilo lililovutwa baridi linauzwa duka gani hapa mjini. Unanipa vipimo vya Ulaya, mteja wangu anasubiri leo. Halafu mwalimu, usiniweke kwenye kundi la wabahatishaji. Matrela yanayopita Msamvu yakibeba tani za mizigo, mengine nimeyaunga mimi.

MWALIMU: Sijaidharau kazi yako, kaka. Kuna bomba la mvuke lisilo na mshono, linalotumika kwenye boila. La inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na unene wa takriban 3.7. Ni zito, kilo 4 kwa mita badala ya 2.6 za lile la milimita 45, na mkaguzi wa mashindano anaweza kulikataa kwa kuwa halikuvutwa baridi. Kwa gari la barabarani, likikunjwa vizuri, nitalikubali kuliko hilo la maji. Ila ulikunje kwa mashine. Mambo ya kujaza mchanga na kupasha moto hayafai hapa.

Ukunjaji huo unastahili kukaziwa, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nusu kipenyo ya kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la milimita 45 maana yake ni milimita 135. Kona ikibanwa zaidi ya hapo, upande wa ndani unafanya makunyanzi, upande wa nje unakonda, na bomba linakuwa bapa. Tazama kona ya rolibaa yoyote unayouziwa. Ukiona bomba limelala, iache dukani.

MZEE: Mmeanza na bomba, mimi naanza na dereva. Huko juu nimeendesha miaka mingi, nimeshusha kabichi na karoti kutoka Nyandira masika na kiangazi. Gari huko halipinduki kwa mbwembwe mnazoziona kwenye televisheni. Udongo umelowa, unampisha mwenzako, gurudumu la pembeni linakanyaga ukingo, ukingo unaachia. Gari linalala polepole, halafu linageuka. Dawa yake ni kusimama na kushuka kuangalia njia. Sasa mkimfungia kijana huyu chuma, atajiona ameshapona. Ataongeza mwendo.

MWENYE GARI: Mzee, mimi siendeshi hivyo.

MZEE: Wote husema hivyo, mwanangu.

MWALIMU: Mzee, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Hoja hiyo waliisikia hata wenye matrekta. Trekta likipanda tuta au likikata kona mlimani lilikuwa linamgeukia dereva na kumlalia. Mwaka 1959 Sweden iliamuru kila trekta jipya liwe na fremu ya kinga. Vifo vya kulaliwa na trekta vilishuka sana miaka iliyofuata, na madereva walikuwa binadamu walewale. Mwaka huohuo, hukohuko Sweden, Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja, kwa sababu asiyejifunga mkanda anarushwa nje ya kinga, na kinga yenyewe ndiyo inayomponda.

Katika hili niko na mwalimu. Busara ya mzee inapunguza idadi ya ajali. Ukingo wa barabara ukimeguka chini ya gurudumu, busara imeshafanya kazi yake na kumaliza. Kinachofuata kinaamuliwa na chuma. Lakini katika maneno ya mzee kuna jambo kubwa zaidi ambalo yeye mwenyewe alilitaja kwa kupita, nami nikamrudisha nyuma alieleze.

MZEE: Udongo? Udongo wa huko masika ni laini. Niliwahi kuona pikapu imegeuka shambani chini ya barabara. Vyuma vya nyuma vilikuwa vimezama ardhini kiasi cha kiganja. Tulivichimbua kwa jembe.

Hapo ndipo urefu wa tao unapoamua uhai wa mtu. Kanuni nyingi za mashindano ya magari ya wazi hudai tao lipite juu ya kofia ngumu kwa angalau sentimita 5. Kwenye lami, sentimita 5 ni nafasi. Kwenye mfinyanzi uliolowa wa milima ya Uluguru, ambako miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, bomba la kipenyo cha milimita 45 linakata ardhi na kuzama, na hizo sentimita 5 zinaisha kabla gari halijatulia. Wanaouza rolibaa kwa kusema "inatosha chini ya turubai" wanatoa jibu la swali ambalo barabara zetu hazikuliuliza.

MWENYE GARI: Lakini mwandishi, turubai nalihitaji. Hiyo mvua unayoitaja ndiyo itakayoninyeshea. Nikiinua tao mpaka turubai lisifunge, gari nitalitumia miezi mingapi kwa mwaka?

Swali lake ni la haki, na kubishana kwa maneno hakukulijibu. Fundi akachukua nondo ya milimita 6, akaikunja kwa mkono kufuata umbo la tao, akaiingiza nyuma ya viti huku turubai limefungwa. Akaibonyeza mpaka iguse kitambaa bila kukisukuma, akaifunga kwa waya mahali ambapo miguu ya tao ingekaa. Kisha turubai likashushwa. Mwalimu akaazima mpini wa ufagio, akaulaza kutoka juu ya nondo hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Mwenye gari akaingia, akajifunga mkanda, akakaa kama anavyokaa safarini.

Mpini ulimgusa paji la uso. Nywele na sehemu ya juu ya kichwa zilikuwa juu ya mstari, bila kofia.

FUNDI: Hapa hata ukifunga chuma cha meli, bosi, kitakachotangulia kugusa chini ni kichwa chako.

MWALIMU: Na hapo tumemhurumia. Fremu ya kioo inaweza kulala. Ikilala, mstari wa kweli unatoka juu ya tao unashuka mpaka kwenye dashibodi.

MWENYE GARI: Kwa hiyo nirefushe tao?

FUNDI: Anza na kiti. Ukiinua tao utapoteza turubai. Ukishusha kiti hupotezi kitu.

Wakafungua kiti. Sponji ya kukalia ilikuwa nene, na chini yake kulikuwa na nafasi. Fundi akapunguza sponji kwa kisu kirefu, akasawazisha, akarudisha kitambaa. Mwenye gari alipokaa tena, kichwa kilikuwa chini ya mpini kwa upana wa vidole viwili. Kwa mjini panatosha. Kwa mlimani, mwalimu alitaka zaidi, akashauri reli za kiti nazo zishushwe, na tao liinuliwe mpaka lisukume turubai kidogo bila kulizuia kufunga. Sponji ya kiti haionekani, haing'ai, na hakuna dukani anayekuuzia kama kifaa cha usalama. Kwangu ndiyo hatua iliyomfaa kijana huyu kuliko zote zilizofanyika siku ile.

Kisha likaja suala la kulishika tao kwenye gari, na hapa fundi alimshinda mwalimu.

MWALIMU: Mimi nasema aagize rolibaa ya kufunga kwa bolti, iliyoundwa kwa gari hilihili. Ina mihimili miwili inayorudi nyuma, ina bomba la mshazari ndani ya tao. Kinga ya namna hiyo ikithibitishwa kwa mashindano, tao lake kuu linatakiwa kubeba mzigo wa kushuka wa mara 7.5 ya jumla ya uzito wa gari na kilo 150. Kwa gari hili hiyo ni zaidi ya tani 8. Kila mguu wa tao unakaa kwenye bamba la angalau sentimita za mraba 120, unene milimita 3, kwa bolti tatu za M8 au zaidi, daraja 8.8.

FUNDI: Nakubali yote, mwalimu. Sasa njoo huku chini. (Anagonga kwa mpini wa bisibisi.) Sikia hapa, chuma. Sikia hapa, nyuma ya mlango karibu na gurudumu. Umesikia tofauti? Hii ni pati na rangi. Japani kuna mikoa ya theluji, wanamwaga chumvi barabarani, kutu inakula vizingiti kutoka ndani. Tao lako la tani 8 ukilifunga kwenye sakafu ya namna hii, bolti zitapita na kipande cha sakafu kitaondoka nazo. Kwanza nikate hapa, niweke bati jipya, ndipo tuzungumze bolti.

MWALIMU: Hapo umesema kweli. Sikuwa nimelitazama.

FUNDI: Na bodi la gari hili ndilo chasisi yake, halina fremu ya chini kama Land Rover. Sakafu ikioza hakuna kingine cha kushika.

MZEE: Na tangi la mafuta?

Tangi la Roadster hii liko nyuma ya viti, chini ya lile jukwaa ambalo mihimili ya rolibaa inapita juu yake. Betri iko kwenye buti. Fundi aliyetaka kuchomelea moja kwa moja kwenye bodi alikuwa anazungumzia moto wa kuchomelea kwa umbali mdogo kutoka kwenye petroli na mvuke wake. Mzee hakuinua sauti. Alisema tu kwamba watu wa Morogoro hawahitaji kuelezwa petroli inavyofanya. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Baada ya hapo fundi mwenyewe aliamua: tangi lishushwe na kupelekwa mbali kabla ya kukarabati sakafu, betri itolewe, na tao lifungwe kwa bolti.

MWENYE GARI: Bado mikanda. Nataka ile myekundu ya pointi nne. Na siku moja nataka keji kamili. Haya magari ya zamani yana mashindano yake.

Ana haki ya kuota. Mashindano ya kwanza kabisa ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1953, yalikuwa na Morogoro miongoni mwa vituo vya kuanzia, pamoja na Nairobi na Kampala. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Na tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, ya magari yaliyoundwa kabla ya 1986. Roadster ya 1989 haiingii humo.

MWALIMU: Mashindano yana mlango wake. Nenda Chama cha Magari Tanzania, AAT, wakueleze gari lako linaweza kuingia wapi na wanakagua nini. Keji kamili ina mabomba pembeni ya kichwa na mbele ya paji la uso. Ukiwa na kofia ngumu na kiti cha kukushika, inakuokoa. Ukiwa sokoni umevaa balaghashia, ukigongwa ubavuni kwa mwendo mdogo tu, bomba hilo linakupasua. Barabarani baki na tao la nyuma.

MZEE: Na mikanda?

MWALIMU: Mkanda wa kiwandani, pointi tatu, kwa kiti cha kiwandani. Ile ya pointi nne inavuta mkanda wa kiunoni upande juu ya tumbo, na bila kiti chake haikai mahali pake. Ila hata tao la nyuma livishwe sponji ngumu ya kazi hiyo, iliyopimwa. Ile laini ya kufungia mabomba ya kiyoyozi, bonyeza kwa kidole gumba uone: inafika kwenye chuma. Kichwa kitafika vilevile. Na kiti kiwe na egemeo la kichwa lililo mbele ya bomba.

MWENYE GARI: Kwa hiyo yale ya kromu nisahau.

FUNDI: Yasahau, bosi.

Mzee hakusadiki mpaka mwisho kwamba chuma hakitamtia kijana kiburi, na sitajifanya nimemshawishi. Alikubali jambo moja tu: kwamba abiria hana sauti katika mwendo wa dereva, na abiria naye ana kichwa. Nondo ya fundi ikarudishwa, mpini ukalazwa upande wa pili, na mzee akaketi mwenyewe kupimwa. Alikuwa mfupi; alipita kwa nafasi kubwa.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa gari la wazi linalopanda Uluguru, chagua rolibaa ya kufunga kwa bolti, ya bomba lisilo na mshono, yenye mihimili ya nyuma na mshazari, ikae kwenye sakafu iliyokaguliwa kwa bisibisi na kukarabatiwa. Kabla ya kuilipia, shusha kiti mpaka kichwa chako na cha abiria wako vikae chini ya mstari kwa zaidi ya sentimita 5, kwa sababu ardhi yetu ni laini. Kichwa kisipotosha kwa njia yoyote, gari hilo libaki la lami ya mjini, na milimani panda na gari lenye paa. Na fundi asiyekubali kukuonyesha mdomo wa bomba kabla ya kulikunja, usimpe kazi.